Nyuma ya Gari la Bakari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kiuno changu kinaikumbuka kuliko kichwa. Na kichwa changu si haba, nilikifikisha kidato cha nne kabla hakijachoka.

Kwanza ujue anayekuandikia haya ni mtu wa namna gani. Kuna watu waliozaliwa kusafiri. Mimi nilizaliwa kukaribishwa chai. Ujanani mwangu safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi barazani, na nikirudi hulalamikia uchovu. Watu wa Amu walishanizoea. Kwa hiyo ukinisikia nazungumza habari za magari yaliyoinuliwa, usidhani niliyafuata. Nilipakiwa.

Khale yangu, Bi Rukia, dada yake mamangu, aliolewa Kililana, bara, ng'ambo ya Amu, na mumewe alipokufa akabaki huko huko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Bakari, rika langu. Bakari alikuwa na pikapu ya kuvuta magurudumu yote manne, na akiipenda kama watu wanavyopenda mke wa pili. Kati ya Kililana na gati la Mokowe siku zile palikuwa na bonde la mikoko, na bamvua ikijaa, maji ya chumvi yalifunika njia. Gari la Bakari liliwahi kuzimika humo mbele za watu, wakalisukuma huku wakimwimbia nyimbo za kuvuta mashua.

Sasa, sisi watu wa visiwani gari tunalitazama kama chombo cha baharini. Swali letu la kwanza ni maji yatafika wapi. La abiria hulikumbuka baadaye. Bakari akaliinua gari lake. Alitafuta springi za lori bovu, yale majani mazito ya chuma, akayaongeza juu ya yale ya pikapu. Akatia tairi kubwa na kuzijaza upepo mpaka ukizigonga zinalia kama ngoma. Alipomaliza, mbuzi alipita chini ya gari bila kuinama.

"Bakari, lete ngazi tupande!" vijana wa Mokowe walimtania.

"Cheka," akawajibu. "Bamvua ikija mtanililia."

Haikuja bamvua. Asubuhi moja, nami nimekwenda Kililana kwa ajili ya wali wa nazi wa khale na si kwa jambo jingine lolote, khale aliteleza kwenye sakafu ya choo akavunjika nyonga. Tukatandika godoro nyuma ya pikapu, tukamlaza. Bakari akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na kichwa cha khale mapajani mwangu.

Mwanangu, springi zile zilitengenezwa zibebe tani za kokoto. Yeo zimepewa bibi mmoja aliyekonda na mpwawe mvivu. Hazikukunjika hata kidogo. Kila shimo liliingia garini kama lilivyo, likapanda kwenye godoro, likaingia katika mfupa uliovunjika. Mimi mzima nilikuwa narushwa na kurudi chini. Yeye nilijaribu kumshika, lakini utamshikaje mtu ili asiguswe na kitu anacholalia?

"Bakari, polepole baba," akasema.

"Nakwenda polepole, mama!"

Na kweli alikuwa akienda polepole. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hapakuwa na polepole zaidi ya ile. Khale akachukua pindo la leso yake akaliuma. Alipolitoa mdomoni pale gatini, kitambaa kilikuwa kimetoboka. Tulipomteremsha kwenye mashua, maji yakambembeleza, akafumba mato akasema, "Alhamdulillahi," kama mtu aliyekwisha kufika kwake.

Hospitali ya Amu wakamfunga, wakamlaza kwa siku kadhaa, kisha wakamruhusu, lakini kwa sharti kwamba arudi upesi wamtazame tena, pengine wamtie chuma. Tukamrudisha Kililana kwa gari lile lile, ndia ile ile. Alipowekwa kitandani pake alisema neno moja tu.

"Gari lile sipandi tena. Mungu na anikute hapa hapa."

Tulidhani ni uchungu, utapita. Haukupita. Siku ya kurudi hospitali ikafika, akageukia ukutani. Majirani wakamsihi, imamu akamsihi. Akalala, mwanangu, na mtu akilala hivyo mwili huanza kuoza kabla ya wakati wake. Mgongo ukafanya vidonda. Kifua kikaanza kukwaruza. Walipoleta habari hizo Amu, mamangu alinitazama tu barazani nilipokaa, nikaenda kutafuta viatu.

Nilimkuta Bakari chini ya gari lake, anatia grisi.

"Ondoa springi za lori," nikamwambia. "Mamako atapanda."

"Na bamvua ikija nitavuka na nini, na ulimi wako?" Hakutoa hata kichwa. "Wewe hata punda wakuangusha, ndiyo uje unifundishe gari?"

"Hujapata kukaa nyuma."

"Gari ni langu, nikae nyuma kwa nini?"

"Mimi nitaendesha. Wewe lala pale alipolala khale."

Alicheka, akadhani ni mzaha. Akalala kwenye godoro, mikono chini ya kisogo, kama bwana harusi. Nami udereva wangu niliujua kwa kutazama tu, gia nikizitafuta kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Lakini nilikwenda polepole, polepole ile ile. Hatukufika hata bondeni. Alipiga kioo cha nyuma kwa ngumi mpaka nikadhani kimevunjika. Nikasimama. Alishuka akashikilia tairi, uso umekuwa wa kijivu, na mfupa wake hata mmoja haukuvunjika.

Nilikuwa nimemwekea maneno ya kumtania. Nikayameza.

"Mama hakupiga hata kelele," akasema.

Jioni ile ile akaanza kulifungua. Majani ya lori akayatupa uani, akabakisha springi za pikapu zenyewe, gari likashuka likawa kama mtu aliyevua viatu vya kisigino. Shoki, zile bomba za mafuta zinazotuliza springi, zilikuwa zimevutwa hadi mwisho tangu alipoliinua, zimekufa, akanunua nyingine. Bushi za mpira zilikuwa zimelika, chuma kinagonga chuma, akazibadilisha. Akatoa upepo kwenye tairi mpaka zikabonyea kidogo. Mwisho akaingiza nyuma kitanda cha kamba, akakiwamba upya kwa ukambaa, ile kamba ya kusuka ya Kipungani, na akakiacha kilegee, si ule mkazo tunaowawekea wageni ili watusifu. Kila alipobadili kitu, alilala nyuma nami nikaendesha. Siku aliposhikwa na usingizi kabla ya bonde, nikajua gari limekuwa sawa. Sikumwamsha. Nilizunguka naye kidogo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikifurahia safari.

Khale alipoambiwa, aligeuka kutoka ukutani akamwelekea mwanawe.

"Umelalia wewe?"

"Nimelalia, mama."

"Basi nipakieni."

Alikuwa amekuwa mwepesi mno. Nikakaa upande wake kama mara ya kwanza, nikamkamata mkono. Tulikuwa tumeshavuka bonde, Mokowe iko mbele yetu, alipofungua mato akauliza, "Mbona hamuondoki? Mwangoja nini?"

Bakari alimsikia kupitia dirisha. Alicheka, kisha nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna nyingine.

Tulichelewa, mwanangu. Daktari alitueleza kwa upole, na upole wake ndio uliotueleza zaidi. Vidonda vilikuwa vimefika mfupani na kifua kimejaa. Alikufa alfajiri ya siku chache baadaye, na wosia wake ulikuwa azikwe Kililana, ubavuni mwa mumewe.

Tukavuka naye hadi Mokowe, tukaweka jeneza ndani ya gari lililolainishwa kwa ajili yake. Tulipofika bondeni, bamvua ilikuwa imejaa. Maji yalifunika njia, na gari lilikuwa limeshuka, haliwezi kuvuka.

Mzee mmoja aliyekuwa nasi akanong'ona, "Lile refu lingepita."

Bakari alisikia. Akazima injini. "Shukeni," akasema. "Tutambeba."

Tukaliweka jeneza mabegani tukaingia majini. Unajua ada yetu: anayebeba habebi mbali, wa nyuma anampokea, naye anampokea wa mbele, na jeneza lenyewe haliachi kwenda. Maji yakafika kiunoni. Mimi ninayeogopa hata maji ya udhu yakiwa baridi, nilikuwemo. Na lile jeneza, mwanangu, halikutikisika. Lilikwenda juu yetu kama kitu kinachoelea. Bakari alikuwa bega kwa bega nami, na katikati ya maji akaniambia taratibu, "Siku ile pia mabega tulikuwa nayo."

Nikabadilisha bega, tukaendelea kwenda.

Ninakuandikia haya kwa sababu juzi nilishuka Mokowe kwa haja zangu nikaliona gari lako. Limeinuliwa, linang'ara, vijana wamelizunguka. Nikamwona na mkeo akishuka, na mimba yake ile, ameshika kiuno, kisha akakutabasamia. Wewe uliliona tabasamu. Mimi niliuona mkono.

Inua gari lako, sikukatazi. Bonde halijaondoka na matope yako pale pale. Lakini springi uziweke kwa uzito utakaoubeba kweli, si kwa uzito wa sifa. Kimo kikiongezeka, shoki nazo ziwe za kimo hicho. Mipira iliyolika usiionee huruma, na upepo wa tairi usiujaze ili upendeze. Hayo fundi yeyote atakwambia. La kwangu ni hili: kabla hujampakia mtu, mpe mwenzako usukani, nawe ulale nyuma, njia nzima, mpaka gatini. Anayekupenda hatakwambia kwamba anaumia. Atauma leso. Ukikosa dereva mbaya wa kutosha kwa majaribio hayo, niite. Nitalalamika, lakini nitakuja.

Mola amfikishe mkeo salama, amfungulie kwa wepesi, na mtoto wako safari yake ya kwanza hapa duniani ailale usingizi mpaka nyumbani. Nawe akupe masikio ya kumsikia asiyelia. Amin.