Upande wa Chini wa Kigoda

Wapasuaji mbao wa Wajerumani, juu kule Kinole, walichukua magogo yaliyonyooka tu. Mapanda ya matawi na mizizi iliyopinda waliviacha vioze. Bwana misitu alivigonga kwa nyundo yenye herufi, ishara kwamba vimetupwa, mtu yeyote anaweza kuviokota. Mwokotaji nilikuwa mimi, mchonga vigoda. Sikulazimisha panda linyooke. Niliufuata mguu ulikotaka kwenda, mpaka kigoda kikasimama.

Kosa langu lilikuwa majivuno. Ile alama ilinichukiza kwenye kazi yangu, kwa hiyo niliifuta kwa tezo, hata upande wa chini ambao hakuna anayeutazama.

Asubuhi moja akida, msimamizi wetu aliyewekwa na Wajerumani, akapanda mlimani na askari wawili. Walivipanga vigoda vyangu uani, wakavipindua kimoja kimoja. Hakuna alama.

"Umekata mti wa serikali," akida akasema. "Viboko hamsa ishirini. Lala chini."

Nilieleza, nikaapa, wapi! Jirani yangu mmoja alipata adhabu hiyo, akala amesimama mwezi mzima. Nililala kifudifudi. Askari akakunjua kiboko.

Hapo akatokea mama mkwe wangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Tangu nioe, nikimwona njiani nilikuwa naingia kichakani kumpisha. Siku hiyo alikatiza katikati ya ua, kichwani kabeba kigoda nilichomtengenezea mwaka niliooa. Nilikitengeneza kwa kinyongo, maana alinilimisha masika mbili kabla ya kunipa bintiye. Juu nilikipamba. Chini nilikiacha kama kilivyotoka msituni.

Akakipindua miguuni pa akida.

"Bwana, miti yake anaitoa kwenye iliyotupwa. Tazama mwenyewe."

Herufi zilikuwepo, zimekolea. Akida akazipapasa kwa kidole.

"Na hivi vingine?"

"Hivyo kavichonga mpaka chini, alama zikaondoka," akasema, bila kunitupia jicho. "Changu tu ndicho hakukimaliza. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza."

Akida alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akawaita askari wake wakateremka. Mimi nilibaki nimelala palepale, mzima wa mgongo, uso mavumbini. Sikuwa na pa kuuelekeza mbele ya mama mkwe.

Kesho yake nilimtuma mke wangu akakilete kigoda nikimalize. Alirudi mikono mitupu. Mama yake alikuwa amekikalia, akakataa kuinuka.