Pipa Langu la Harusi Lilikauka Bila Kufunguliwa

Nta haijaguswa. Pipa halina ufa. Na ndani hamna hata tone.

Naitwa Odile Lacassagne, wa hapa hapa Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Nilipozaliwa, baba yangu Fernand alijaza brandi kwenye pipa dogo, akaliziba kwa nta, akaandika jina langu. Ndiyo desturi yetu: pipa la mtoto hufunguliwa siku ya harusi yake.

Nina miaka thelathini na minane. Harusi, sifuri.

Zamani armagnac, hii brandi yetu, ilikuwa dawa ya magoti ya wazee. Siku hizi vijana wa Paris wanaipigania. Juzi akaja mnunuzi, Bwana Tessier, viatu vinang'aa, anatafuta mapipa ya zamani. Nikapiga hesabu zangu: nauza pipa, nanunua mtambo wangu mwenyewe wa kupikia brandi, naacha kusubiri mwanaume.

"Hakuna harusi, hakuna pipa," baba akasema.

"Baba, huyo bwana harusi hata hajazaliwa!"

Nikabandua nta mbele ya mgeni. Nikagonga pipa. Ngo, ngo. Tupu!

"Malaika hao," baba akakohoa. Kwetu brandi ikipungua pipani, tunasema malaika wamepita.

"Malaika gani walevi hivi?"

Mama yangu, Josette, alikuwa mlangoni, anajifuta mikono iliyokwisha kauka.

"We Odile, yale matunda ya plamu ya siku yako ya kuzaliwa ulidhani nayaloweka kwenye nini? Chai?"

Kumbe alitoboa pipa kwa nyuma, akaziba kwa kijiti. Kila mwaka anachota.

Na mimi, bingwa wa mapenzi, kila mwanaume niliyempenda nilimpa chupa ya plamu zile. Watano. Wanne wamekula, wote wamesepa.

"Imebaki yoyote?" Tessier akanong'ona.

Ilibaki moja, kwa Bertrand, yule wa tano, anayechukia plamu. Nikaenda kumgongea.

"Umekuja turudiane?" akajichekesha.

"Nimefuata chupa yangu, kaka."

Ilikuwa kabatini, haijafunguliwa, ina vumbi.

Nikarudi nayo nyumbani, tukala kwa vidole, watu wanne: baba, mama, Tessier na mimi. Baba alilia, akasingizia mafua. Tessier alilamba kifuniko.

"Niuzie hata moja iliyobaki," akasihi.

"Mchelewa hula makombo, bwana. Na makombo yenyewe hamna."

Mtambo nimeukosa, na imeniuma sana.

Ila ndugu zangu, kitu kitamu kuleni na wanaowapenda leo. Ukimtunzia bwana harusi, atakuja asiyekula plamu.