Sukari ya Mbwa wa Baba

Baba alipofariki alituachia ng'ombe watatu, redio iliyokuwa inakwaruza tu, na mbwa. Ng'ombe walichukuliwa na kaka zangu. Redio hakuna aliyeitaka. Mbwa alibaki na mama, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na mama, nikifundisha bayolojia katika shule ya kutwa nje kidogo ya Rongo, mbwa akawa wangu pia, nitake nisitake.

Niseme ukweli, sikumtaka. Alikuwa mbwa mzee wa rangi ya udongo, sikio moja limeliwa na kupe, nyonga ya kushoto imepinda tangu siku alipopigwa teke na fahali kwenye soko la mifugo la Ogwedhi, ambako alikuwa akimfuata baba kila wiki. Ngozi yake ilimwasha mwaka mzima, hata akidungwa sindano na daktari wa mifugo. Alijikuna hata usingizini, mguu mmoja ukipiga sakafu puu, puu, puu, hadi unatamani kumtupia kiatu. Lakini kila nilipotoka shule alinyanyuka kwa taabu, akaja hadi langoni kunilaki, kisha akanitangulia kuelekea nyumbani akigeuka nyuma kila hatua kadhaa, asije akanipoteza. Haukupita mwaka nikaanza kumbebea mifupa kutoka hotelini, nikimwambia mama kwamba nimepewa.

Katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao mvua zilichelewa, alianza kunywa maji. Alimaliza yake, akamaliza ya kuku, akaenda kwenye karai la vyombo akanywa na sabuni. Akawa anakojoa mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wake. Alikula vizuri na bado mbavu zikawa zinahesabika. Mama alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akanigeukia.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo alipotaka kunichokoza au kuniambia jambo nisilotaka kulisikia. "Huyu ana ugonjwa wa baba yako."

Nikacheka. Baba alikuwa ameishi na kisukari kwa miaka mingi, na mama ndiye aliyemdunga kila asubuhi kwa sababu macho ya baba yalikuwa yamefifia. Kiu ile aliijua kuliko mtu yeyote. Ila mimi nilikuwa na cheti changu na kichwa changu kikubwa, na sikuwahi kusikia mbwa ana sukari.

Hata hivyo Jumatatu nilitoka maabara ya shule na chupa ndogo ya ile dawa ya buluu tunayotumia kuwaonyesha wanafunzi sukari kwenye chakula. Nilifunga kopo kwenye fimbo, nikaanza kumfuata mbwa uani, nimeinama, nikisubiri ainue mguu. Jirani yetu, mama mmoja mcha Mungu asiyepitwa na jambo, alisimama kwenye ua wa mikonge akaniangalia hadi nikamaliza. Kanisani Jumapili iliyofuata watu waliniachia nafasi kubwa sana ya kukaa, kushoto na kulia.

Nilichemsha mkojo ule na dawa jikoni kwa mama. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa rangi ya tofali, yaani sukari tele. Nikakaa kwenye kigoda.

"Sikukwambia?" mama akauliza, akaendelea kuchambua omena, dagaa wa ziwani.

Daktari wa mifugo alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kegonga, mtu mrefu mwenye pikipiki, aliyezoea majosho na ng'ombe wanaozaa kwa shida. Alimfinya mbwa ngozi, akamfunua mdomo, akayatazama macho yake ambayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni ng'ombe," alisema. "Mbwa watu wananiita nidunge ya kichaa, basi. Lakini hii yako iko na sukari, hiyo siwezi kataa. Itataka insulini kila siku. Kila siku, si leo ukikumbuka. Na ile sindano ya kujikuna nilikuwa naipatia, hiyo tumewacha. Inapandisha sukari."

"Na ikikosa insulini?" nikauliza.

"Itaenda. Mwezi, miezi mbili hivi."

Kabla sijafungua mdomo, mama alishasema, "Daktari, atadungwa."

Hivyo ndivyo tulivyoingia. Insulini ilikuwa ileile ya watu, nikiifuata kwa mwuza dawa mjini Migori. Hatukuwa na friji. Mama alichimbua tena shimo lilelile la nyuma ya jiko, akatumbukiza chungu, akaweka mchanga na kuulowesha, na chupa ikakaa humo ndani ya kopo, kama ilivyokaa ya baba. Kila asubuhi saa moja mbwa alikula kipande cha ugali na omena zilizochemshwa bila chumvi. Akimaliza bakuli, mimi namwinua ngozi ya shingoni na kumdunga yuniti sita. Mama alimshika kichwa na kumwimbia wimbo wa kanisani. Nilimwomba ajaribu kudunga yeye, maana mkono wake ulikuwa na uzoefu kuliko wangu, akakataa.

"Nimechoka na sindano," akasema. Nikamwona mvivu. Nilikuwa mwepesi sana kuwaona watu wavivu siku hizo.

Kila Jumamosi tulimwogesha kwa maji ya majani ya mwarobaini kwa ajili ya mwasho, naye akasimama kwenye karai amenuna. Jioni nilimkanda nyonga kwa kitambaa cha moto. Macho yake yalipopofuka kabisa, nilijifunza kuburuza viatu nikikaribia langoni ili anisikie. Bado alikuja kunilaki. Alijikwaa kwenye jiwe la kusagia, akajikwaa kwenye kisiki, akafika. Nilimpenda mbwa yule kwa namna ambayo ilinitia aibu mbele ya watu, na sikujali aibu yenyewe.

Kilichonitia wazimu ni kipimo. Asubuhi mkojo ulikuwa kijani, mzuri tu. Jioni nikirudi kutoka shule, tofali. Daktari akasema panda moja. Nikapanda saba, kisha nane. Tofali. Nikaisuta dawa, nikamshuku mwuza dawa, nikakagua mchanga wa chungu. Nikafika kumi. Niliandika kila kitu kwenye daftari la mazoezi, saa, yuniti, rangi. Wanafunzi wangu nilikuwa nawachapia meza kwamba kwenye jaribio lazima ujue kila kinachoingia. Na katika miezi yote ile sikumwuliza hata mara moja mtu aliyeshinda nyumbani na mbwa mchana kutwa.

Kisha mke wa mjomba akafariki huko Homa Bay, kando ya ziwa, kwao mama. Mama alikuwa binti wa boma lile. Asingeweza kurudi kabla marehemu hajazikwa na mambo ya baada ya maziko hayajakwisha, na hilo lingechukua siku nne au tano. Jumamosi alfajiri alifunga leso yake, akachukua mkoba, akatoka, akarudi mlangoni.

"Huyo mbwa," akasema, "usimwache na njaa."

"Mama, chakula chake anacho."

"Najua." Akamgusa mbwa kichwani, kisha akaenda.

Nilimlisha, nikamdunga yuniti kumi. Saa saba mchana nilikuwa nafua uani nilipomwona akitoka kivulini. Alitembea kama amelewa. Miguu ya nyuma ilitawanyika, akagonga ghala, akasimama na taya likitetemeka. Nikamwita. Hakugeuza hata sikio. Akaanguka kwa ubavu, akaanza kupiga miguu hewani, povu likimtoka.

Niliganda. Kwa muda fulani nilisimama pale na shati la shule linanidondokea maji miguuni. Halafu nikakumbuka asubuhi moja nikiwa kidato cha tatu, baba amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, na mama akimpaka sukari ndani ya shavu kwa kidole. Nikakimbilia jikoni. Nilitia vidole kwenye maji, nikavichovya kwenye bakuli la sukari, nikaanza kumsugua fizi. Aliniuma, hakujua. Nikasugua. Nilimwomba asife. Nilimwita kwa jina alilokuwa akiitwa na baba, nikamwahidi nyama, nikamtukana, nikamwomba tena.

Taya lililegea kwanza. Kisha miguu ikatulia. Ilipita nusu saa hivi kabla ulimi wake haujaanza kunilamba vidole wenyewe, polepole, na hapo ndipo nilipolia.

Yule jirani mcha Mungu ndiye aliyetuma mtu sokoni amwite daktari. Alifika jioni, akamsikiliza mbwa moyo, akanisikiliza mimi, akapekua daftari langu.

"Leo ulimpunguzia chakula?"

"Hapana. Ni kilekile, saa ileile."

"Basi kuna chakula ingine ilikuwa inaingia, na leo haikuingia." Akafunga daftari. "Mama iko wapi?"

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuihisi tena. Tulirudi kwenye yuniti sita, na siku zote zilizobaki kabla mama hajarudi, mkojo wa jioni ulitoka kijani. Kila nilipouona ukijani ule nilizidi kuchemka. Nilitunga maneno. Niliyatunga nikifundisha, nikayatunga nikipika, nikayapanga vizuri yawe makali lakini yasiwe ya matusi.

Mama alirudi Jumatano jioni, uso umemvimba kwa kilio cha matanga. Sikumpa pole. Sikumpa hata kiti. Nilimwuliza, "Mama, ulikuwa unampa nini?"

Aliangalia mbwa, akaniangalia mimi, akaona kidole changu kilichofungwa kitambaa. "Yawa," akasema taratibu. "Alianguka?"

"Ulikuwa unampa nini?"

"Nyuka," akasema, akitumia neno letu la uji. "Kikombe kimoja. Ukishaenda shule, na siku zisizo za shule, ukinipa kisogo."

"Na sukari?"

"Vijiko viwili."

"Mama! Wewe! Wewe uliyemdunga baba miaka yote ile, unayejua ugonjwa huu kuliko daktari mwenyewe!"

Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mkoba bado begani. Mbwa alisikia sauti yake, akaja akijikwaa, akamwekea pua gotini.

"Wiki ya mwisho baba yako hakutaka samaki, hakutaka nyama," akasema. "Alitaka uji wenye sukari. Aliniomba asubuhi, akaniomba jioni. Nikamwambia daktari amekataza. Nikamwambia, ukipona nitakupikia. Alikufa akiniangalia kama mtu mchoyo, nyathina, mwanangu. Mimi, niliyemlisha tangu nikiwa msichana. Sasa huyu naye siku ile ulipoanza kumpimia chakula, alilamba bakuli tupu akanigeuzia macho. Ningefanya nini?"

Maneno yangu yote ya siku nne yalipotea. Sikujua habari ile ya uji. Sikuwapo nyumbani wiki ile, nilikuwa nikisimamia mitihani shule ya mbali, na nilirudi kuzika tu. Nilikaa kando yake kwenye ngazi, nikamvua mkoba begani, nikampa pole ya msiba, kwa kuchelewa.

Tulipatana. Mbwa angepata uji wake saa nne, wa wimbi, nusu kikombe, bila sukari, na mimi nikaupanga kwenye hesabu ya yuniti. Mama aliupima kwa kikombe kilekile kila siku na hakuwahi kuongeza tone. Baada ya wiki mbili hivi alininyang'anya sindano bila maelezo, akamdunga mwenyewe, haraka, hata mbwa hakujua. Kipimo kikakaa kijani. Akanenepa kidogo, akapata manyoya mahali ambapo hakuwa na manyoya tangu enzi za baba. Tuliishi naye hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Mwishowe figo zilimshinda. Alilala mlangoni siku mbili, hataki ugali, hataki omena, hata maji anayagusa tu. Daktari alikuja, akachuchumaa kando yake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuchuchumaa kwa ng'ombe wa mtu yeyote.

"Sindano sasa muwache," akasema. "Haina haja."

Mama alijifuta mikono kwenye leso. "Daktari, naweza kumpa kitu anachopenda?"

"Mpatie, Mama."

Akaingia jikoni. Nilimsikia akikoroga. Alitoka na uji mweupe, mwepesi, na aliponipita nikasikia harufu ya sukari, si vijiko viwili, ni vingi. Akaketi chini, akaliweka bakuli puani mwa mbwa. Mbwa akanusa. Akatoa ulimi, akalamba mara moja, akalamba mara ya pili, halafu akageuza kichwa na kukilaza juu ya mguu wa mama.

Mama alisogeza bakuli. Akachovya kidole, akampaka mdomoni. Mbwa akaacha uji umtiririke kwenye taya.

"Hataki," mama akasema.

"Hataki, mama."

Akamfuta mbwa taya kwa pindo la leso yake.

"Kwa hivyo hata baba yako," akasema, "labda hata baba yako asingeumaliza."

Nilimshika mkono, na tulikaa pale mlangoni hadi uji ukafanya utando juu, mbwa akipumua mguuni pake, na mama akilia kwa sauti kama ambavyo hakuwa amelia tangu tumzike baba.