Kiti cha Karibu na Jiko

Mjini Halle hakuna aliyeujua moto kama Ehrenfried Nottbohm, muuza dawa. Wengine waliuota tu, yeye aliufundisha. Kila jioni, kwenye baa ya wenye maduka ya dawa, alieleza kwamba kila kinachoungua kimebeba flojistoni, asili ya moto isiyoonekana, na kuungua ndiko huko kutoroka kwake. Alisema hayo akiwa kwenye kiti cha karibu na jiko, ambacho hukaliwa na mjuzi wa kemia tu. Anayeshindwa kwa hoja huhamia mlangoni, kwenye baridi. Nottbohm alikipenda kiti kile kuliko mkewe, na mkewe alijua.

Mkwewe Lebrecht, mume wa bintiye, akarudi kutoka Paris na maneno mengine: kinachoungua hakitoi kitu, bali kinanyonya sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Ndiyo maana bati likichomwa likawa unga huongezeka uzito. Nottbohm akacheka. Flojistoni, alisema, ina uzito wa kinyume. Ikitoka, kitu kinakuwa kizito. Meza nzima ikashangilia, si kwa kuelewa, ila kwa kuwa flojistoni ni mzaliwa wa Ujerumani.

"Kwa hiyo, baba, anayetaka kukonda ashindilie soseji?" akauliza Lebrecht.

"Mwanangu, ukweli haubadiliki kila msimu kama kofia za Paris. Nenda mlangoni."

Ili ammalize kabisa, Nottbohm akachoma bati nyumbani ndani ya chupa iliyozibwa. Mizani haikusogea. Alipoivunja shingo, hewa ikaingia ikipiga mluzi kujaza nafasi ya ile iliyonyonywa na bati, na chupa ikazidi uzito. Mizani haina uzalendo. Akaogopa, maana alikiona kiti kikimponyoka.

Jioni iliyofuata akakiwahi kiti chake na kuifundisha oksijeni kana kwamba ameizaa mwenyewe. Lebrecht akabaki mlangoni na mafua yake.

Miaka ikapita. Nottbohm sasa aliapa kwamba hakuna asidi isiyo na oksijeni. Lebrecht, mvi zimeshamwingia, akasema ameitafuta kwenye asidi ya chumvi, iliyotengenezwa kwa chumvi yao wenyewe ya Halle, na hajaiona hata chembe.

"Mwanangu," Nottbohm akaanza, "ukweli haubadiliki kila msimu kama…"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Meza nzima ilijua maneno yaliyobaki, na hakuna aliyemsaidia kuyamalizia. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akachukua bia yake, akajikokota hadi mlangoni, akasimama mbele ya mkwewe.

"Nipishe hapo. Kakae kwenye kiti cha karibu na jiko," alisema. "Ila usikizoee."