Sheria ya Tatu ya Bendi Yetu

Juzi nilienda Oyugis kutengenezesha geti. Nyumba yangu iko Uriri, huko ninakofundisha, na mafundi wa huko ni wazuri tu, lakini nilijiambia kwamba geti la maana litatoka kwa fundi yule yule wa kuchomelea ambaye nusu ya utoto wangu ilipita uani kwake. Uongo mtupu. Nilikuwa nimefuata ukuta.

Nyuma ya karakana yake kulikuwa na ukuta wa matofali, na juu ya huo ukuta tuliandika mambo yetu kwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu: jina la bendi, majina ya wanabendi, na sheria tatu. Nilipofika nikakuta umepigwa plasta na kupakwa rangi ya maziwa. Pale jina langu lilipokuwa pamepigiliwa msumari, na msumarini imening'inia helmeti ya bodaboda. Nikasimama nimekumbatia mkoba wangu. Fundi, ambaye siku hizi ana mvi hadi kwenye nyusi, akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia ni jua tu.

Basi ngoja nikuambie wewe, rafiki yangu, yale nisiyomwambia yeye. Sisi tulikuwa na bendi ya panki. Usicheke. Hapo hapo Oyugis, kati ya soko la viazi vitamu na kinu cha kusaga mahindi, tulikuwa na bendi ya panki ya barabarani, na mpiga ngoma wa kwanza alikuwa mimi.

Panki, ule muziki wa Kizungu wa fujo na nguo zilizochanika, ililetwa na binamu yangu. Wazazi wake walimhamisha kutoka Nairobi aje asomee kwetu, akae na nyanya, ambaye sote tulimwita Dana, apunguze utundu. Alikuja na memori kadi iliyojaa muziki wa makelele, buti nzito, na suruali ya jinzi iliyochanika magotini, imeshikiliwa na pini. Usiku wa kwanza nyanya aliiona ile suruali juu ya kiti, akamhurumia mtoto wa watu. Asubuhi binamu alikuta magoti yote mawili yamewekwa viraka vya leso, mshono mdogo mdogo wa kupendeza, na pini zake zimepangwa kwenye kibati cha nyuzi. Nusura alie. "Dana, hiyo ilikuwa panki!" Nyanya akamjibu kwamba yeye aliona matambara, na kwamba katika boma lake hakuna mtoto atakayetembea magoti nje.

Hapo ndipo ubishi wetu wa kwanza ulipozaliwa. Suruali iliyochanwa makusudi, kisha ikashonwa na nyanya, je, bado ni panki? Binamu alisema imeharibika kabisa. Mimi nikasema sasa ndiyo imekuwa panki hasa, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani mwenye nyingine kama hiyo. Akafikiri, akaivaa. Kuanzia siku hiyo aliniangalia kwa macho mengine, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na minne na sijawahi kuangaliwa na mtu kwa macho yoyote, nililewa sifa.

Ngoma nilijifunza njiani kwenda chemchemi. Kushuka mtungi ni mtupu, basi unaupiga. Kupanda umejaa, basi unapiga mwendo kwa miguu. Msimu wa karanga nyanya alitukalisha kwenye mkeka tubangue, na ule mlio wa maganda yakipasuka, krak, krak-krak, uliniingia vidoleni. Nyanya alipika viazi vitamu kwenye sufuria iliyofunikwa majani ya mgomba, na hadi leo nikinusa majani hayo yakichemka, mikono yangu inatafuta kitu cha kugonga. Nilikuwa na mitungi miwili ya lita ishirini, debe moja, na mfuniko wa sufuria uliotobolewa na fundi nikauning'iniza kwa waya.

Fundi alitupa uwanja wa nyuma ya karakana bure, mradi tusiguse mitambo yake. Gita letu alilitengeneza mwenyewe kwa bati la mafuta na waya wa breki ya baiskeli. Wapiga gita ndio waliotusumbua. Wa kwanza tulifanya naye mazoezi Jumamosi mbili, ya tatu mama yake akaja na Biblia kwapani kumkumbusha Sabato ni siku gani, akamwondoa kwa sikio. Wa pili alichukuliwa na mjomba wake kwenda Rusinga kwenye kazi ya samaki, akaondoka na nyaya zote. Wa tatu alitoka kwaya ya Wakatoliki na alikuwa mzuri, ila kila wimbo alitaka kuumaliza polepole na kwa heshima, kama watu wanataka kupiga magoti. Kila mtu alipoondoka tulichora mstari juu ya jina lake ukutani na kuandika jipya. Jina langu lilikuwa la pili kutoka juu, chini ya la binamu, bila mstari. Nilikuwa nikipita pale hata siku zisizo za mazoezi, niliangalie tu.

Sheria mbili za kwanza zilitungwa na binamu: hakuna chombo cha kununua, na hakuna wimbo wa mapenzi. Ya tatu ilikuwa yangu. Wewe kama ni mtu wa huku unajua pakruok. Kama si wa huku, ni hivi: muziki ukiwa umekolea, mtu anainuka na noti mkononi, wanamuziki wananyamaza, naye anajisifu mbele ya watu, yeye ni mtoto wa nani, kwao kuna ng'ombe wangapi, wanawake wa kwao wanapika vipi. Akimaliza anatoa noti, muziki unaendelea. Ni mila yetu, na ina raha yake. Lakini siku moja kwenye sherehe ya jirani nilihesabu watu wanane wakiukatiza wimbo mmoja, hadi mwimbaji akasahau alifikia wapi. Kesho yake nikachovya brashi, nikaandika ukutani: PANKI HAISIMAMISHWI NA MTU. Binamu alisoma, akasoma tena, akanishika bega. "Huyu," aliwaambia wenzetu, "huyu ndiye panki wa kweli hapa."

Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Likizo ya Desemba shangazi alijifungua, nikatumwa Uriri kumsaidia. Wiki tatu za kufua nepi na kukoroga uji. Nilirudi Oyugis Jumamosi mchana, na kabla sijafika kwa nyanya nikasikia ngoma kutoka uani kwa fundi. Ngoma zangu. Mlio wa mitungi yangu ningeujua hata kaburini. Lakini mwendo haukuwa wangu. Ulikuwa wa kasi zaidi, na kila mwisho wa mzunguko kulikuwa na pigo moja la ziada, dogo, lililochelewa kidogo, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni akarudi kukichukua. Niseme ukweli? Lilikuwa tamu. Roho ilinichoma hadi nikahisi ladha ya chuma mdomoni.

Aliyekaa juu ya debe langu alikuwa binti wa duka la vitambaa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka pwani, na duka lao lilikuwa pale mjini kati, safi, linanukia udi. Huyu binti alikuwa na ushungi wa kijani na viatu visivyo na tope hata chembe, Desemba, Oyugis! Aliponiona akasimama haraka.

"Karibu dada," alisema kwa kile Kiswahili chao kilichopigwa pasi. "Wewe ndiye mwenye mitungi? Niwie radhi, nimeiazima tu."

Mwenye mitungi! Nikamkata jicho, nikamgeukia binamu. Ukutani, chini ya jina langu, palikuwa na jina jipya, rangi bado inang'aa.

"Amejifunza kwa shangazi zake, kwenye ngoma za harusi," binamu alisema, haniangalii. "Wee, skia vile anapiga."

"Harusi na panki wapi na wapi?"

"Na suruali yenye viraka vya leso?"

Tulibishana hadi fundi akazima mashine atusikilize vizuri. Nilisema huyo si panki: baba yake ana duka, viatu vyake ni vipya, na Magharibi ikiadhiniwa anakimbia nyumbani. Mpiga gita akanikumbusha kwamba mimi pia jua likitua nyanya ananiita, tena kwa sauti inayosikika sokoni. Mwishowe binamu akapendekeza suluhu. Mimi nipige kopo lenye kokoto, nikitikisa pembeni. Kokoto! Nikabeba mitungi yangu miwili, mmoja kila mkono, nikawapa kisogo.

Siku mbili baadaye walikuwa wakipiga makopo makubwa ya mafuta ya kupikia kutoka nyumbani kwa yule binti wa duka. Nikapita soko zima nikieneza habari kwamba bendi imenunuliwa, kwamba ile sasa ni bendi ya duka. Wauza viazi walinisikiliza kwa adabu, wakaniuliza panki ni kitu gani.

Kisha fundi akaoa. Sherehe ilikuwa uani kwake, Jumapili mchana, mbele ya ule ukuta, na bendi ingepiga kumlipa wema wake. Nyanya alikuwa kwenye kundi la kina mama wa sufuria. Mimi nilikuwa na noti moja, faida ya karanga nilizouza kwa vikombe tangu Krismasi, na nilikuwa na mpango. Nitaisimamisha bendi. Nitajisifu mbele ya Oyugis nzima kwamba mimi ndiye mwanzilishi, na yule binti atakaa pale mikono mapajani anisikilize.

Walikuwa katikati ya wimbo wa tatu nilipoinuka, noti juu. Watu wakageuka. "Msimamishe! Mtoto anataka kujisifu!" mzee mmoja alipaza sauti. Mpiga gita akanyamaza papo hapo, mtoto wa kwaya. Binamu yangu, mwenye buti na memori kadi, akawatazama wazee, akaniangalia mimi, akashusha mkono.

Ngoma haikusimama.

"Mimi ni nyar Oyugis!" nilianza, yaani binti wa Oyugis. Yule binti aliniangalia machoni, bila dharau hata kidogo, akaongeza kasi. "Mimi ni mjukuu wa mwenye karanga tamu! Mimi ndiye..." Makopo yalimeza sauti yangu. Nikapiga kelele zaidi, akapiga zaidi, na lile pigo la ziada likirudi kila mara kuchukua kitu chake mlangoni. Wazee walinung'unika kidogo. Halafu bwana harusi mwenyewe akainuka akaanza kucheza, bibi harusi akafuata, kina mama wakaacha sufuria. Uwanja wote ukawa unaruka, mimi katikati na noti yangu juu, mdomo wazi, sisikiki na mtu.

Nyanya alinivuta sketi. "Nyathina, mwanangu, kaa chini," alisema. "Unazuia watu kucheza."

Jioni binamu aliniuliza jambo moja tu: sheria ya tatu iliandikwa na nani? Bendi iliendelea mwaka mmoja hivi, ikabadilika tena na tena, kisha mitihani ikaja, binamu akarudi Nairobi, ikaisha. Miaka yote hii nimejitetea kwa neno moja: yule binti hakuwa wa kwetu, hakujua mila. Hakusimama kwa sababu hakujua kwamba ngoma husimama. Hiyo si panki, ni ugeni tu. Nimejiambia hivyo nikiwa chuoni, nikiwa kazini, hata nikiwa nimebeba mtoto wangu mgongoni.

Juzi, fundi akipima vyuma vya geti langu, nilimwambia hivyo hivyo, nikicheka. Yeye hakucheka. Akaweka futi chini.

"Alijua," alisema. "Alikuja hapa siku moja kabla ya harusi yangu. Akaniuliza, fundi, mtu akiinuka na noti, mimi nifanye nini? Nikamwambia, kwetu ngoma inasimama. Akaangalia ukuta kitambo. Akasema, basi mimi nitamfuata yule dada mwenye mitungi. Amekataa kupiga na mimi, lakini sheria yake ndiyo nzuri kuliko zote."

Niliuliza yuko wapi. Duka lao lilifungwa zamani, alisema, familia ikahama, hajui kama ni Kisumu au walirudi pwani. Pale palipokuwa na vitambaa wanauza simu. Kinu cha mahindi kimehamia ng'ambo ya barabara. Nyanya tulimzika, na leso zake tuligawana. Nilimuuliza fundi kwa nini aliupaka rangi ukuta. Akasema maandishi yalikuwa yamefifia, yalikuwa yamebaki majina mawili tu yanayosomeka, langu na lile la chini yake.

Akaniomba nishikilie bati la geti asawazishe ncha. Nililishikilia, na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikaanza kugonga. Bati lilikuwa na mlio mzuri. Fundi aliinua kichwa, kifaa cha kuchomelea bado mkononi.

"Huo ni mwendo wa yule binti," alisema.

Nilisikiliza. Lile pigo la ziada lilikuwepo, dogo, limechelewa kidogo. Mwendo wangu mwenyewe niliutafuta, wa chemchemi, wa maganda ya karanga, sikuupata. Wivu ukanishika upya, mbichi kabisa, wa msichana wa miaka kumi na minne. Nikaendelea kugonga. Fundi alisema nitulie achomelee ncha, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikusimama.