Jumamosi za Bibi Tekla

Majani ya mwarobaini yakichemka hutoa harufu ambayo huwezi kuifananisha na nyingine. Ni chungu hata puani. Jirani yangu wa hapa Kibaoni ana mtoto mwenye upele, na asubuhi huyachemsha kwenye sufuria kubwa ili amwogeshe. Harufu ikivuka ukuta na kuingia jikoni kwangu, huwa naacha ninachofanya. Siwezi kumwambia asichemshe, mtoto wa watu anawashwa. Lakini ninyi mnaonisoma nitawaambia kinachonipata: kwa muda mfupi ninakuwa tena msichana mdogo wa Katindiuka, natembea nyuma ya mama kwenye umande, kichwani nina beseni jeupe lenye maua ya bluu, na nimenuna.

Nilikuwa na sababu ya kununa. Ilikuwa Jumamosi alfajiri, na Jumamosi alfajiri watoto wenzangu wote walikuwa wanakwenda jumuiya. Kwa wasioijua, jumuiya ni majirani wachache Wakatoliki wanaosali pamoja, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ya pili. Wanasoma Injili, wanatafakari, wanaimba, na mwisho mwenye nyumba anatoa chai. Msidhani nilikuwa na ibada kubwa. Nilikuwa nawaza mihogo ya kuchemsha, na msimu wa mavuno nilikuwa nawaza pepeta za mpunga mpya. Mimi na mama tulikuwa tunawapita watu hao njiani, wao wakielekea huku, sisi kule, na watoto wao walikuwa wananitazama kama mtu anayepelekwa hospitali kuchomwa sindano.

Sisi tulikuwa tunakwenda kwa Bibi Tekla.

Bibi Tekla hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mjane aliyeishi peke yake nyuma ya shamba letu la mihogo, katika nyumba ya udongo iliyoinama upande wa mtoni. Mwanawe mmoja aliyebaki hai alikwenda kutafuta maisha mbali, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Bibi alikuwa na kidonda mguuni, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo, cha miaka mingi, kimekataa dawa zote za hospitali. Kilikuwa kinanuka. Sitawaficha wala kulipamba neno hilo. Ulikuwa unaanza kukisikia ukiwa bado kwenye mihogo.

Mama alikuwa anamwosha kila siku alfajiri, kabla nzi hawajaamka. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake: jua likipanda, nzi wanajaa, na mgonjwa anateseka mara mbili. Alikuwa anachemsha mwarobaini na chumvi kidogo, anayaacha yapoe mpaka vuguvugu, anapiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kuupakata ule mguu. Kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Siku ya kwanza niliukunja uso na kuziba pua. Mama hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Uso utaukunja nje." Basi nikajifunza. Nilikuwa navumilia, kisha natoka, naenda nyuma ya nyumba na kuukunja uso wangu wote kwa mkupuo, mpaka mashavu yanauma, halafu narudi ndani nikiwa mtu safi. Bibi Tekla alikuwa ananiuliza, "Umemaliza, mjukuu wangu?" na kucheka. Alikuwa anajua.

Siku za Jumamosi, jumuiya ikiwa inasali nyumba ya karibu, nyimbo zilikuwa zinatufikia. Mama alikuwa anazifuatisha huku anakamua kitambaa. Bibi Tekla alikuwa mwimbaji wa kwaya enzi zake, na aliimba sauti ya pili. Mguu uko mikononi mwa mtu, unauma mpaka anashika kingo za kitanda, na bado sauti ya pili inatoka, nyembamba, haikosei. Mpunga ukikaribia kukauka shambani tulikuwa tunatengeneza pepeta, tunazikaanga mbichi na kuzitwanga zingali moto mpaka zilainike na kuwa bapa, na fungu la kwanza lilikuwa lake. Meno hakuwa nayo, kwa hiyo mama alikuwa anaziloweka kwenye maji moto na sukari. Bibi alikuwa anazila kwa kijiko polepole sana, akiyafumba macho. Mimi nilikuwa nameza mate.

Zamu ya jumuiya ilikuwa inatembea nyumba kwa nyumba, na ilipofika kwetu tulisali, tukawapa watu chai. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bibi Tekla. Zamu iliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Mama aliwaambia wenzake, "Tukasali kwake, hawezi kutembea." Walitazamana. Mmoja akasema itakuwa vigumu kukaa mle ndani kwa sababu ya ile hali. Hawakusema harufu. Walisema hali.

Alifariki msimu wa pepeta. Asubuhi hiyo mama alitangulia, na nilipofika na beseni nikamkuta amesimama mlangoni. Akaniambia niliweke chini taratibu. Alimwosha mwili mzima kwa yale maji ya mwarobaini, tena bila haraka, kidonda akakifunga kitambaa kipya kana kwamba kesho kitafunguliwa. Kisha akanishika mkono, tukaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Kwa taratibu za kwetu, mwamini akifa, katekista anamwuliza kwanza mwenyekiti wa jumuiya: huyu alikuwa mwenzenu? Mwenyekiti akisema ndiyo, jumuiya inakuja na nyimbo zake, mishumaa yake na vijana wa kuchimba kaburi. Akisema hapana, ndugu watajua wenyewe. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Fulgensi. Naomba msimwone shetani. Alikuwa mama mchapakazi, mwenye kuamka mapema, ambaye watoto wa mtaa mzima walikula kwake. Tulimkuta anaanika mpunga.

"Dada, Bibi Tekla ametutoka," mama alisema.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana." Mama Fulgensi alijifunga upya khanga yake.

"Nimekuja tupange mazishi."

"Melania, mimi sina ubaya na marehemu. Lakini jumuiya ni ya wanaojumuika. Tukimzika asiyesali nasi, kesho nani ataamka kuja kusali? Watu watakaa kwao, wakijua wakifa tutakwenda tu."

"Alikuwa hawezi kutembea, dada."

"Na wewe? Wewe una miguu. Jumamosi hatukuoni."

"Nilikuwa namwosha yeye."

"Ungetuambia tuje tusali kwake."

"Niliwaambia. Mkasema hali."

Mama Fulgensi aliinamia mpunga wake akaugeuza kwa viganja, ingawa haukuwa na haja ya kugeuzwa. "Taratibu sikuzitunga mimi," alisema.

Basi tukamzika wenyewe. Baba aliitwa kutoka kambi ya wavuvi mtoni, akaja na mdogo wake, wakachimba. Mzee Salum mwenye duka alileta sanda nzuri kuliko ambayo tungeweza kuipata, akasimama pembeni kofia mkononi, maana hakujua kwetu kofia inavuliwa au inavaliwa. Msalaba baba aliutengeneza kwa mbao za mtumbwi wake wa zamani. Tulipopita na mkokoteni uliombeba, akina mama walitoka kwenye milango yao. Wengine walijitanda khanga kichwani kwa heshima. Mmoja alilia. Hakuna aliyetoka uani kwake.

Makaburini mama alianzisha wimbo, ule Bibi aliopenda kuuimbia sauti ya pili. Wimbo wa mazishi umetungwa kwa ajili ya watu wengi. Ukiuanza peke yako, unafika mahali pa kuitikiwa na hapaitikiwi. Baba hakujua kuimba, Mzee Salum hakuujua, mimi nilikuwa mdogo. Mama alifika pale, akanyamaza, tukasikia kinda la ndege kwenye nyasi, kisha akaendelea na ubeti unaofuata. Niliona anatugeukia mmoja mmoja, kama anayetuhesabu. Nilidhani ni huzuni.

Jioni ile, tukila, alimwuliza baba, "Na sisi tukifa?"

"Tutazikwa, kwani tutaachwa juu?" baba alijibu, akijaribu kumchekesha.

Mama hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa ananyonya, akasukuma sahani.

Jumamosi iliyofuata aliniamsha mapema, akanivalisha gauni la Pasaka. Tulikwenda jumuiya. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile! Nilikaa mkekani katikati ya wenzangu, nikaimba kwa nguvu, nikala mihogo mpaka mama akanifinya. Mama Fulgensi alimshika mkono na kumwambia karibu tena nyumbani. Mama alisema asante.

Tangu siku hiyo hakukosa. Iwe mvua, iwe mafuriko ya masika yamefika kizingitini, Melania alikuwepo, na kitabu chake cha nyimbo kwenye mfuko wa nailoni. Mzee mmoja wa jirani alipopooza, mkewe alikuja kumwomba mama amsaidie kumgeuza na kumwosha asubuhi. Mama alimwambia, "Jumamosi siwezi, mwenzangu, lakini siku nyingine nitakuja." Alikwenda siku kadhaa. Kisha kukawa na kufanya usafi kanisani, na mazoezi ya wimbo, na kikao, na zile siku nyingine zikaisha. Beseni lile jeupe likawa la kunyweshea bata.

Nilikuwa msichana mkubwa alipochaguliwa mwenyekiti mwenyewe. Nilikuwepo uani, naosha vyombo, siku kijana mmoja alipokuja kuomba azikiwe dada yake, dereva wa bodaboda amesimama naye na kofia ngumu mkononi. Dada yake alikuwa ameugua muda mrefu, na kabla ya hapo alikuwa ameishi maisha yake mwenyewe, mbali na sala. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele. Alisema, "Pole sana, mwanangu. Lakini taratibu sikuzitunga mimi."

Sahani iliniponyoka. Nilimtazama nikidhani atashtuka naye, kwamba atayasikia maneno yale yanatoka kinywani kwa nani. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua. Mpaka leo hasira ile sijui niipeleke wapi, maana nikimwelekezea yeye, namwona anavyotuhesabu makaburini, na nikiwaelekezea wanajumuiya, naona na wao wana watoto wa kuogopea.

Mazishi ya mama mwenyewe yalikuwa makubwa. Jumuiya za jirani zote zilikuja, sare za vitenge, kwaya mbili, maturubai hayakutosha. Walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu. Walisema alikuwa mfano wa upendo. Walisema hakuwahi kukosa jumuiya. Nilisubiri mtu mmoja tu ataje mguu wa Bibi Tekla. Wengi waliomjua bibi walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki nadhani walisahau, au walikumbuka vizuri mno.

Utotoni niliamini kwamba siku ile makaburini Mungu hakuja kwa sababu sisi hatukuwa wengi. Ilinichukua miaka mingi, na kuzaa watoto wangu, kuelewa kwamba alikuwepo tangu alfajiri, amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kitambaa mkononi, na kwamba tulimfukuza sisi, kwa woga tu, woga wa watu wema. Mama hakuwa mbaya. Alitaka wanawe wasiimbiwe wimbo usioitikiwa. Kwa hilo alitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na alipewa maturubai.

Jumamosi yake ya mwisho nilikuwa naye. Alikuwa amelala muda mrefu, mgongo umechubuka na kuanza kunuka. Wenzake walikuwa wamekuja wiki iliyopita, wakasali vizuri, wakaacha sukari na sabuni, wakaaga wakiwa bado wima. Alfajiri hiyo nilichemsha mwarobaini, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe. Nilimgeuza. Alifumbua macho.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi, mama."

"Hujaenda jumuiya?"

"Nipo hapa, nakuosha."

Alijaribu kuninyang'anya kitambaa. Vidole havikuwa na nguvu. "Acha, Skola. Nenda, mwanangu, utachelewa. Atakuzika nani?"

"Tulia, mama. Bado mgongo."

Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wameanza kuimba. Sauti ilikuja wazi kabisa, wimbo ninaoujua tangu utoto, na mimi nikaufuatisha huku nakamua kitambaa, nikisubiri. Nilidhani labda ataitikia sauti ya pili. Hakuitikia. Alikuwa anatazama mlango, ana wasiwasi kwamba nachelewa.