Shahidi wa Plasta

Léontine Gaudry alizaliwa kwenye chumba cha juu cha nyumba namba tisa, hapa kwetu Mtaa wa Wachana Sufi, mjini Troyes, na kwa miaka sabini na minane hajamwamini mtu yeyote aliyezaliwa nje ya mtaa huu. Kiwandani alikokuwa akirekebisha soksi zilizofumuka, hata mkasi wake aliufungia kwa kufuli. Mimi napika soseji za utumbo mkabala na mlango wake. Kila Jumamosi hununua mbili, kisha hurudi nyumbani kuzipima upya kwa mzani wake mwenyewe. Nampenda hivyohivyo, Mungu anisamehe.

Nyumba zetu ni za mbao na udongo, na zimeegemeana tangu enzi za wafalme. Ukiigusa moja, ya jirani inayumba. Ufa ulipotokea chini ya ngazi inayotumiwa na nyumba zote mbili, kwenye ukuta unaotenganisha namba tisa na namba kumi na moja, fundi wa manispaa alifanya kama wanavyofanya siku zote: alibandika donge la plasta juu ya ufa, akachora tarehe kwa msumari. Donge hilo tunaliita shahidi. Akibaki mzima, ukuta umetulia. Akipasuka, nyumba inatembea, na wakazi wanatolewa siku hiyohiyo.

"Wakinitoa hapa, Marcelin," Léontine aliniambia, "nitafia kwenye maghorofa ya pembezoni, natazama maegesho ya magari."

Namba kumi na moja alikuwa amehamia Gwenaël, seremala kutoka Bretagne, na mkewe Nolwenn na binti yao mchanga. Ni mtu mpole. Kosa lake ni kwamba wiki ya kwanza tu alimwambia Léontine, "Bi Gaudry, siku ukitaka kuuza, unikumbuke."

Novemba, shahidi akapasuka katikati.

"Ni yeye," Léontine alisema, ameegemea kaunta yangu. "Anataka nifukuzwe achukue nyumba."

"Umemwona?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Ngazi si tunapita wote? Na seremala hakosi patasi."

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu huu! Nikamwambia ni kweli, asubuhi ile nilimwona anaingia na patasi. Sasa seremala aingie na nini, filimbi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakumjua Bi Gaudry. Alikoroga plasta kwenye bakuli lake la kahawa, akabandua donge lililopasuka, akapaka jipya kwa kisu cha siagi na kuchora tarehe ileile ya fundi, mpaka ile namba saba yake yenye mkia. Fundi alipokuja kukagua, akasema ukuta umetulia.

Januari likapasuka tena, akabandika tena. Safari hii alinyunyiza unga sakafuni ili amnase mtu kwa nyayo. Februari likapasuka, na kwenye unga akakuta nyayo za paka na za kandambili zake mwenyewe.

"Mjanja huyo," akaniambia. "Ameruka."

Wakikutana kwenye ngazi, alimchokoza. "Habari ya patasi, kijana?"

"Nzuri, Bi Gaudry. Inakusalimu," Gwenaël alijibu, hajui lolote.

Alipokwisha kubandika donge lake la tatu, Gwenaël na familia yake wakaenda Brest kwenye mazishi, wiki nzima. Léontine alikijaribu kitasa chao mwenyewe, kimefungwa. Akaweka kiti mbele ya shahidi na kukaa hapo kila siku baada ya chakula, mikono kifuani, ameridhika.

Jumamosi mchana, siku ya kurudi kwao, akasikia: tak. Ufa mwembamba ulishuka mbele ya macho yake na kuigawa ile saba. Chini ya ngazi hapakuwa na mtu ila yeye.

Aliingia dukani kwangu bila salamu. "Hakuna aliyemgusa, Marcelin. Hakuna mtu." Nikaikumbuka ile patasi niliyomsimulia, nikaona aibu mpaka masikioni.

Gari lao likasimama wakati huohuo. Léontine akakimbia kuvuka mtaa, mbio ambazo sikujua bado anazo, akasimama mlangoni mwao na kutandaza mikono.

"Hapiti mtu."

"Bi Gaudry, tafadhali, mtoto amechoka," Gwenaël alisema. "Tugombane kesho."

"Ukuta unatembea. Muite fundi. Shahidi amepasuka mara tatu, na mara tatu nimembandika mimi. Leo ni ya nne. Nilidhani ni wewe."

Gwenaël aliweka mizigo chini. "Tangu lini?"

"Novemba."

Hakuna aliyemtukana, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Léontine alimtazama mtoto aliyelala begani kwa mama yake, kisha akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Kitanda chake mmekiweka wapi?"

"Kwenye ukuta wako, mama," Nolwenn alijibu. "Jiko lako linaupasha joto. Usiku wa baridi tunamsogeza mpaka auguse."